Walioshika Fimbo Kati ya Mlimba na Makambako

Mnamo Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua reli ya TAZARA. Tangu hapo mengi yamesemwa kuhusu vichwa vya treni, mabehewa na shaba ya Zambia. Leo naomba niseme juu ya jambo lisilosemwa sana, nalo ni upimaji wa njia yenyewe. Kabla ya taruma la kwanza kulazwa, wapo watu walioipita njia ile nzima kwa miguu, na sehemu iliyowatoa jasho kuliko zote ilikuwa huko kwetu, Nyanda za Juu Kusini.

Nasema kwetu kwa sababu nimekuwa fundi sanifu wa upimaji ardhi katika mikoa ya Iringa na Mbeya kwa miaka mingi, tangu wakati Njombe ikiwa bado ndani ya Iringa na Mbozi ndani ya Mbeya. Kwa wasioifahamu kazi hii, fundi sanifu si yule bwana mkubwa anayetia saini ramani ofisini. Ni yule anayepanda kilima na theodolaiti begani, anayelala kwenye hema, na anayerudi mjini baada ya miezi miwili watoto wake wakimkimbia kwa sababu ya ndevu.

Tukumbushane kwanza ilivyokuwa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikipita kusini, ikajikuta imekabwa koo. Benki ya Dunia ilikuwa imekwishasema mwaka 1964 kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haina faida. Wataalamu wa Uingereza na Kanada walipochunguza tena, mwaka 1966 walisema inawezekana, lakini fedha hazikutoka. Septemba 1967 nchi tatu zikakubaliana mjini Beijing, na kuanzia mwaka 1968 hadi 1970 wapimaji wa Kichina, pamoja na vijana wetu, wakawa porini. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 1970. Reli ikafika Tunduma Agosti 1973, na mwezi Julai 1976 njia yote ya kilometa 1,860 ikakabidhiwa rasmi. Hayo yamo vitabuni.

Yasiyomo sana vitabuni ni ngazi ile. Treni ikitoka Dar es Salaam hupita eneo lililokuwa la Selous na bonde la Kilombero, ambako ardhi ni tambarare na taabu yake ni maji na matope. Ikifika Mlimba, mbele yake inasimama kingo ya nyanda za juu. Kutoka Mlimba hadi Makambako ni kilometa zisizofika 160, na ndani ya umbali huo reli inapanda zaidi ya meta 1,000. Basi linaweza kupanda mlima kwa kunguruma na kutoa moshi, kama tunavyoona Kitonga. Treni ya mizigo haiwezi. Inataka mwinuko wa meta moja, sana sana mbili, katika kila meta mia. (Wenyeji wa Iringa mjini hulalamika hadi leo kwamba reli iliwakwepa. Aliyepanda Kitonga akiwa macho anaweza kukisia kwa nini.)

Kwa hiyo kazi ya mpimaji ilikuwa kuutafuta mwinuko huo mpole mahali ambapo Mungu hakuuweka. Unazunguka ubavu wa kilima, unaingia bondeni, unakuta korongo, unarudi nyuma, unaanza tena juu zaidi. Mahali pasipozungukika unaandika kwamba hapa pana handaki. Reli yote ina mahandaki 22, na sehemu hii ndiyo yenye mengi. Daraja la mto Mpanga linasimama juu ya nguzo zenye urefu wa takriban meta 50. Kila handaki na kila nguzo ilianza kama kigingi cha mti chenye rangi nyekundu, kilichopigwa na mtu aliyesimama kwenye tope.

Niwaeleze kidogo jinsi kazi inavyokwenda, ili msidhani ni kuchungulia tu kwenye kioo. Vibarua hutangulia na mapanga kufyeka mkuza ili uone mbele. Nyuma yao wanakuja washika mnyororo wa kupimia, kisha mtu wa theodolaiti anayesoma pembe, kisha mtu wa leveli anayesoma kimo, na mbele yake amesimama kijana ameshika fimbo yenye namba. Kijana huyo akiilaza fimbo hata kidogo, namba inayosomwa ni ya uongo. Kosa la sentimeta chache halionekani siku hiyo. Likijilimbikiza mlima mzima, handaki linalochimbwa kutoka pande mbili halitakutana katikati.

Na hali ya hewa ya huko haina huruma. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Juni na Julai ukungu hukaa juu ya Mufindi na Njombe hadi karibu na mchana, nanyi mmekaa na blanketi mkingoja. Mchana jua likiwaka, mvuke unaopanda kutoka ardhini huifanya fimbo icheze machoni. Ikifika Septemba watu wanachoma mashamba, na moshi unakuzuia kuona kilima cha pili. Ukitoa siku hizo zote, siku njema za kusoma pembe za mbali zinabaki chache mno, nyingi zikiwa zile za mwanzo wa mvua, anga linapokuwa limeoshwa.

Hatari nazo hazikuwa hadithi. Katika miaka hiyo ya upimaji mmoja wa Wachina alikufa kwa kuumwa na nyuki wa porini. Hadi kazi nzima ilipokwisha Wachina zaidi ya 60 walikuwa wamepoteza maisha nchini Tanzania na Zambia, na wengi wamezikwa Dar es Salaam katika makaburi yao yanayotunzwa vizuri. Nimefika pale, na ni jambo la heshima. Wenzetu waliokufa nao, Watanzania na Wazambia, makaburi yao yametawanyika vijijini, na mengi yamekwisha kulimwa juu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, tulipokuwa tukipima mipaka ya vijiji upande wa Makambako, nilimwajiri mzee mmoja kunishikia fimbo. Nilishangaa kwamba sikuhitaji kumfundisha. Aliisimamisha wima kama mshumaa, na nilipoinua mkono wa kushoto alisogea kushoto bila kuuliza. Kumbe ujanani alikuwa amewashikia Wachina, na alikuwa bado anakumbuka maneno yao ya kushoto, kulia na basi. Jioni alinionyesha bonde moja walilofyeka kwa wiki nyingi, kisha likaachwa. Kwa maelezo yake, wazee wa pale walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba ubavu ule huteremka wakati wa mvua, wala hawakusikilizwa hadi ulipoteremka wenyewe.

Nilitaka kuliandika hilo. Nikafungua kitabu changu cha uwandani: kina nafasi ya jina la mpimaji, namba ya chombo, tarehe na hali ya hewa. Nafasi ya mshika fimbo hakina. Nikaandika jina lake pembeni, kwa penseli.

Mambo yamebadilika kiasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa wanavijiji njia ya kupata hati za hakimiliki za kimila, na wilaya ya Mbozi ilikuwa miongoni mwa za kwanza kujaribu. Baadaye, kuanzia katikati ya miaka ya 2010, katika vijiji vya wilaya za Iringa na Mbeya vijana wa pale pale walifundishwa kupima mashamba kwa simu ya mkononi, wakitembea mpakani pamoja na mwenye shamba na majirani zake. Wapimaji wenzangu walicheka, wakisema simu hukosea kwa meta kadhaa. Ni kweli hukosea. Lakini jirani aliyesimama mpakani akakubali mbele ya watu ni alama nzuri kuliko bikoni nyingi nilizozifukia mimi, ambazo nilizikuta baadaye zimeng'olewa, nyingine zikinolewa visu.

Sasa reli inakwenda kufufuliwa, na wapimaji wapya watapita mle mle, safari hii wakiwa na satelaiti na vindege visivyo na rubani. Vyombo hivyo vitawapa kimo cha kila tuta kwa siku moja. Havitawaambia maji yalipita wapi mwaka wa mvua kubwa, wala ni ubavu gani uliwahi kuachwa na kwa sababu gani. Wanaoyajua hayo wapo Mpanga, Uchindile na vijiji vya jirani. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1969 leo amepita 75, na yule mzee wangu wa Makambako alikwisha kufariki.