Mwili umekaza? Jifunze kuusikiliza unapotembea, unapobeba na unapofanya kazi Kampala

Mkimbizi anayeishi Kampala kwa kawaida hapati mgao wa chakula wala kipande cha ardhi kama aliyeko Nakivale au Kyangwali. Anaishi kwa nguvu za mwili wake: kutembeza vitenge, kushona, kufua, kubeba, kusuka nywele. Siku mgongo unapokataa, hakuna pesa ya chakula. Makala hii inakueleza jinsi ya kutambua sehemu za mwili zinazokaza bila sababu unapofanya kazi, jinsi ya kuzilegeza, na dalili zinazotaka uende hospitali haraka. Huhitaji kifaa wala pesa.

Kwa nini mwili hukaza bila wewe kujua

Ukisikia kishindo ghafla, mabega hupanda, taya hubana, tumbo hukaza na pumzi hukatika. Mwili unajiandaa kukimbia au kujilinda. Hatari ikipita, misuli inapaswa kulegea. Lakini kwa mtu aliyeishi na hofu kwa miezi au miaka, mwili huzoea kukaa macho hata akiwa mahali salama. Mawazo ya kodi ya nyumba na karatasi ambazo hazijatoka huongeza mkazo huo.

Ukikaa nao muda mrefu, huusikii tena, kama mtu anayeishi karibu na mashine ya kusaga asivyosikia kelele yake. Unagundua jioni tu, shingo inapouma au unapoamka umesaga meno usiku kucha.

Mkazo wenyewe si ugonjwa. Bila misuli kukaza huwezi hata kusimama. Shida ni misuli inayofanya kazi ambayo haikutumwa. Taya halishoni shati. Mabega hayapandi mlima. Kila msuli unaokaza bure unakula nguvu zako na kukuachia maumivu.

Wanawake wa Kenya na mizigo ya kichwani

Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kuhusu wanawake Wajaluo, wanaobeba mzigo juu ya kichwa, na Wakikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Watafiti walipima hewa waliyotumia wakitembea. Waliona kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofika asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu.

Mwaka 1995 utafiti mwingine ulieleza sababu. Tunapotembea, mwili hupanda na kushuka kidogo kwa kila hatua, kama bembea. Sehemu ya nguvu ya kushuka hutumika kupanda tena, na nyingine hupotea. Wanawake hao, walipobebeshwa mzigo, walipoteza kidogo kuliko kawaida. Walikuwa na miaka mingi ya mazoezi.

Lakini usichukue hili kama ruhusa ya kubeba chochote. Asilimia 20 ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12. Jerikani ya lita 20 iliyojaa maji inazidi kilo 20. Pia utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanawake wa Afrika Kusini haukuona kwamba kubeba kichwani ni nafuu kuliko kubeba mgongoni, na wengi wao walilalamikia shingo. Kwa hiyo si kila anayebeba kichwani anabeba kwa wepesi. Unahitaji kuusikiliza mwili wako mwenyewe.

Punguza nguvu ndipo utasikia

Mmoja wa watu waliofundisha sana jambo hili alikuwa mkimbizi pia. Moshé Feldenkrais alizaliwa mwaka 1904 katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Alikuwa mhandisi na mwalimu wa judo. Mwaka 1940, jeshi la Ujerumani lilipoingia Ufaransa alikokuwa akiishi, alikimbilia Uingereza. Goti lake lilikuwa na jeraha la zamani la mpira wa miguu. Kwa kuchunguza polepole jinsi anavyotembea, alianzisha njia ya mazoezi ambayo bado inafundishwa katika nchi nyingi.

Funzo lake kubwa ni hili: ukitumia nguvu nyingi, husikii tofauti ndogo. Weka chungwa moja ndani ya kikapu kitupu ulichoshika, mkono utasikia. Liweke juu ya gunia la mihogo ulilobeba, hutasikia kitu. Ndiyo maana unapojichunguza:

- Fanya polepole kuliko kawaida.
- Tumia nusu ya nguvu unayodhani inahitajika.
- Linganisha kulia na kushoto. Upande mwepesi ndio utakaokufundisha.
- Ukifika penye maumivu, rudi nyuma kidogo. Usijilazimishe.
- Usizuie pumzi. Pumzi ikikatika, jua umekaza mahali fulani.

Jaribu ukiwa katika shughuli zako

*Kupanda na kushuka milima.* Kampala ni mji wa vilima. Ukipanda kuelekea Makindye au Rubaga, angalia mikono yako: je, umekunja ngumi? Fungua vidole. Angalia mabega: je, yamepanda karibu na masikio? Yainue zaidi kwa makusudi, kisha yaache yashuke yenyewe. Fupisha hatua. Unaposhuka, usikaze magoti yakawa kama mti. Yaache yakunjike kidogo ili yapokee uzito.

*Kubeba maji.* Ukiweza, jaza lita 10 na uende mara mbili. Kwa mzigo wa kichwani tumia ngata, ile ambayo Waganda huiita enkata, na uiweke katikati. Kabla ya kuondoka, simama upumue mara mbili. Sikiliza kama uzito unashuka sawasawa hadi kwenye nyayo zote mbili, au kama kiuno kimejikunja upande mmoja. Ukibeba kwa mkono, badilisha mkono kabla haujachoka. Unapoinua kutoka chini, karibia jerikani, kunja magoti, wala usigeuze kiuno huku umebeba.

*Kutembeza vitenge au bidhaa nyingine.* Wengi hubeba upande uleule kila siku. Leo anza na upande mwingine kwa barabara moja tu, uone bega lipi linalegea na lipi linapigana na mzigo. Mteja anapokusimamisha, weka mzigo chini hata kwa dakika moja.

*Kushona.* Kila unapobadilisha uzi, fanya mambo matatu: achanisha meno, shusha mabega, tazama mbali hadi mwisho wa barabara. Sikiliza pia mguu unaokanyaga cherehani. Je, paja lote linakaza, au kifundo cha mguu kinatosha?

*Kwenye boda-boda.* Abiria wengi hubana mapaja na kuzuia pumzi safari nzima. Shika vizuri, vaa kofia ya kujikinga, lakini achia taya na utoe pumzi ndefu. Usilegee hadi ukayumba. Mkazo unaokushikilia ni wa lazima. Ule wa usoni hauna kazi.

*Kwenye foleni.* Unapongoja saa nyingi kwenye benchi la ofisi au zahanati, kandamiza nyayo chini taratibu, kisha achia. Fanya hivyo mara tano. Tambua kama vidole vya miguu vimejikunja ndani ya viatu.

Dakika mbili au tatu, mara kadhaa kwa siku, zinatosha. Usitegemee mwili ubadilike kwa siku moja. Dalili ya kwanza ya maendeleo ni kwamba unagundua mkazo mapema, kabla haujawa maumivu.

Kama utulivu unaleta hofu

Kwa baadhi ya watu waliopitia vita, mateso au ubakaji, kulegeza mwili kunaweza kuleta kumbukumbu mbaya au kilio. Hilo si wazimu wala si udhaifu. Likitokea, acha zoezi. Fungua macho, sikia nyayo zako chini, taja vitu vitano unavyoviona. Jaribu tena siku nyingine ukiwa unatembea, si ukiwa umelala peke yako chumbani.

Mbinu kama hii imepimwa hapa Uganda. Katika Rhino Camp, kaskazini mwa nchi, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini walipewa mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yanayoitwa Self-Help Plus. Walikaa katika makundi na kusikiliza mafunzo yaliyorekodiwa, vikao vitano kwa jumla. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Kusikia nyayo chini, kunyoosha mwili na kupumua polepole ni sehemu ya njia hiyo.

Usikae nyumbani ukiwa na dalili hizi

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama:

- Mguu umekufa ganzi au umepoteza nguvu.
- Huwezi kuzuia haja, mkojo unakataa kutoka, au umekufa ganzi katikati ya mapaja.
- Maumivu ya mgongo yanakuja na homa.
- Maumivu yalianza baada ya kuanguka, kupigwa au ajali ya boda-boda.
- Kifua kinabana na maumivu yanaelekea mkononi au kwenye taya.

Usingoje pia kama mgongo unauma usiku hata ukiwa umelala na unazidi kukonda. Maumivu ya aina hiyo yanahitaji kupimwa.

Pa kwenda Kampala

Vituo vya afya vya serikali vinawapokea wakimbizi kama wanavyopokewa wenyeji. Beba kitambulisho chako cha ukimbizi au karatasi ya kuomba hifadhi. Anza na kituo kilicho karibu nawe. Kikishindwa, watakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa kama Mulago. Uliza kuhusu fiziotherapia, yaani matibabu ya mwili kwa mazoezi.

Kama mwili wako unabeba alama za mateso, kuna kituo cha ACTV, kilichoanzishwa mwaka 1993 kuhudumia watu walioteswa, wakiwemo wakimbizi. Kinatoa matibabu, fiziotherapia na ushauri. Kwa matatizo ya akili na usingizi, hospitali ya taifa ni Butabika. InterAid Uganda, ambayo imehudumia wakimbizi wa mjini kwa miaka mingi, inaweza kukuelekeza.

Kama hujui Kiingereza, omba mkalimani au nenda na mtu unayemwamini. Kwa Kiganda unaweza kusema *omugongo gunnuma*, mgongo unaniuma, au *okugulu kunnuma*, mguu unaniuma. Mweleze daktari maumivu yalianza lini, ni harakati gani inayaongeza na ni ipi inayapunguza. Ukiwa umeuchunguza mwili wako kwa siku chache, majibu utakuwa nayo.