Netscape: Ngoma iliyovuma lakini haikudumu

NETSCAPE Navigator ilikuwa programu ya kuvinjari tovuti iliyotamba kote duniani katikati ya miaka ya 1990, kabla ya kuzidiwa nguvu na Internet Explorer ya Microsoft. Ilikoma kuhudumiwa Machi 2008, lakini matunda yake yangali yanatumika hadi leo.

Chimbuko lake ni Mosaic, programu iliyobuniwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na kutolewa mwaka 1993. Mosaic iliwavutia wengi kwa kuonyesha picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Mwaka 1994, Andreessen aliungana na Jim Clark kuanzisha kampuni, na Navigator ikazinduliwa Desemba. Agosti 9, 1995, hisa zake ziliingia sokoni kwa Dola 28 na kufunga siku zikizidi Dola 58, ilhali kampuni yenyewe haikuwa imetimiza miaka miwili.

Mwaka huo huo wa 1995 ndipo Kenya ilipopata huduma kamili ya intaneti, iliyopitia nyaya za simu.

Anguko la Netscape lilitokana na mambo mawili. Kwanza, Microsoft iliitoa Internet Explorer bila malipo na kuiunganisha na Windows, hivyo mnunuzi wa tarakilishi akaikuta tayari ndani. Pili, Netscape ilijikwaa yenyewe: toleo la nne lilikuwa zito, la tano likaachwa njiani, na la sita likachelewa hadi Novemba 2000. Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft Mei 1998, na mwaka 2000 mahakama ikaamua kwamba ilikiuka sheria za ushindani. Hata hivyo, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Netscape ilikuwa imenunuliwa na AOL.

Kabla ya kuuzwa, kampuni hiyo iliweka wazi msimbo wa programu yake mnamo Machi 1998. Kutokana na hatua hiyo ulizaliwa mradi wa Mozilla, uliotoa Firefox mwaka 2004. Internet Explorer nayo ilistaafishwa Juni 2022.

Netscape pia ndiyo iliyobuni SSL, mbinu ya kuficha taarifa zinaposafirishwa mtandaoni, ambayo mrithi wake ni TLS. Mkazi wa Sultan Hamud, Kaunti ya Makueni, anayeomba pasipoti kupitia eCitizen hulindwa na mbinu hiyo bila kulazimika kwenda Nairobi kujaza fomu. Dalili yake ni anwani inayoanza kwa herufi https.

Ni vyema kukumbuka kwamba herufi hizo huthibitisha tu kuwa mawasiliano yamefichwa. Matapeli nao huzitumia, hivyo ni sharti jina lote la tovuti lisomwe kabla ya kuandika nambari ya siri.