Timu Mtambuka na Uhusiano wa Vyuo Vikuu na Wahitimu Wao

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Majoho yanaporejeshwa baada ya mahafali, uhusiano wa chuo kikuu na mwanafunzi wake haumaliziki, bali hubadilika sura. Aliyekuwa mwanafunzi sasa ni mhitimu, na mhitimu huyo ni shahidi wa ubora wa elimu aliyoipata. Kesho anaweza kuwa mwajiri wa wanaomfuata, mshauri wa mitaala au mchangiaji wa maendeleo ya chuo. Pamoja na umuhimu huo, vyuo vingi hukutana na wahitimu wao kwa nadra, na aghalabu wakati wa maadhimisho pekee.

Upungufu huo mara nyingi huelezwa kuwa unatokana na wahitimu kusahau walikotoka. Hata hivyo, ukichunguza safari ya mhitimu anapohitaji huduma kutoka chuoni, utabaini sababu nyingine: chuo kina ofisi nyingi zinazomhudumia, lakini hakuna hata moja inayomwona kikamilifu. Makala hii inaeleza namna timu mtambuka zinavyoweza kuziba pengo hilo na kuleta ubunifu katika eneo hili la utumishi.

Maana ya timu mtambuka

Timu mtambuka ni kundi dogo la watumishi kutoka idara na vitengo tofauti, waliokabidhiwa jukumu moja, muda maalumu na mamlaka ya kulitekeleza kwa pamoja. Haifanani na kamati ya kawaida. Mjumbe wa kamati huwasilisha maoni ya idara yake kisha akarejea ofisini kwake. Mjumbe wa timu mtambuka hubaki na kazi hadi matokeo yaonekane, na huja mezani akiwa na ujuzi wa fani yake pamoja na idhini ya kuamua kwa niaba ya wakuu wake.

Msingi wa utaratibu huu uliwekwa bayana mwaka 1986, pale wasomi wa Kijapani Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka walipochapisha katika jarida la Harvard Business Review uchambuzi wa namna kampuni kadhaa, zikiwemo Honda, Canon na Fuji-Xerox, zilivyobuni bidhaa mpya. Waliufananisha utaratibu wa zamani na mbio za kupokezana kijiti, ambapo kila idara humaliza sehemu yake ndipo inaikabidhi idara inayofuata. Utaratibu mpya waliufananisha na mchezo wa raga, ambamo timu nzima husonga mbele kwa pamoja huku ikipasiana mpira.

Ingawa mfano huo ulitokana na viwanda, unalingana sana na hali ya vyuo vikuu. Katika mbio za kijiti, hatari kubwa ipo pale mkono unapokutana na mkono. Vivyo hivyo, mhitimu hapotei ndani ya ofisi, bali hupotea kati ya ofisi moja na nyingine.

Kumbukumbu zilizotawanyika

Kazi ya kuwaunganisha wahitimu ina historia ndefu. Nchini Marekani, wahitimu wa Williams College waliunda jumuiya yao mwaka 1821. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Baraza la Masajili, chombo kinachowakutanisha wahitimu wake na kuwawezesha kutoa mchango wao katika maendeleo ya taasisi hiyo.

Historia ya chuo hicho inaonesha pia kwa nini suala hili haliwezi kuachiwa ofisi moja. Kilianza tarehe 25 Oktoba, 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikifundisha sheria katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea.

Baadaye matawi yake yakazaa vyuo vingine. Kilimo, kilichokuwa kikifundishwa Morogoro, kikawa msingi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984. Mwaka 2007 vyuo vishiriki vya Muhimbili na Ardhi navyo vikawa vyuo vikuu kamili.

Hivyo basi, daktari aliyehitimu Muhimbili kabla ya mwaka 2007 ana shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilhali madarasa aliyosomea yapo chini ya chuo kingine. Anapotaka kuwashika mkono wanaomfuata, ni chuo kipi kimwite mhitimu wake? Jibu la busara ni kuwa vyote viwili, mradi watunza kumbukumbu, walimu na maofisa uhusiano wa pande zote wawe wameketi pamoja na kukubaliana namna ya kufanya hivyo.

Mhitimu mmoja, milango mingi

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mhandisi aliyemaliza masomo miaka kumi iliyopita na sasa anafanya kazi Mwanza. Anahitaji transkripti ili aombe nafasi ya masomo ya juu. Anawasiliana na ofisi inayoshughulikia kumbukumbu za taaluma, naye anaelekezwa kulipia. Ili alipe, idara ya fedha lazima itoe namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Namba inachelewa kwa kuwa taarifa zake za zamani hazimo katika mfumo mpya, na mfumo huo upo chini ya wataalamu wa TEHAMA. Wiki tatu zinapita.

Katika kipindi hicho hicho, kitengo cha uhusiano kinamtumia ujumbe wa kumwomba achangie ujenzi wa bweni. Wakati huo huo, ndaki aliyosoma inatafuta wahandisi watakaowapokea wanafunzi kwa mafunzo kwa vitendo, na haijui kuwa yeye anasimamia karakana yenye nafasi za kutosha.

Hakuna ofisi iliyokosea kwa mujibu wa majukumu yake. Kila moja imefanya inachopaswa kufanya. Hata hivyo, kwa mhandisi huyo chuo ni kimoja, na chuo hicho kimemwomba fedha kabla ya kumpa haki yake. Hapo ndipo uhusiano wa miaka mingi huweza kuvunjika bila neno lolote kusemwa.

Funzo lililopo ni kwamba dirisha la transkripti na uhakiki wa vyeti ni mahali muhimu pa uhusiano na wahitimu kuliko ukumbi wa chakula cha jioni. Kwa wahitimu wengi, hapo ndipo wanapokutana tena na chuo kwa mara ya kwanza tangu mahafali. Ubunifu unaoanzia hapo hauhitaji majengo mapya, bali watu watano au sita wenye mamlaka wakiitazama kazi hiyo kwa jicho la mhitimu.

Namna ya kuunda timu

Hatua ya kwanza ni kuchagua tatizo moja linalopimika. Jukumu la "kuimarisha uhusiano na wahitimu" ni pana mno. Jukumu la "kupunguza muda wa kupata transkripti" au "kupata wahitimu watakaopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika mikoa mitatu" linaeleweka na lina mwisho.

Hatua ya pili ni kuteua wajumbe kwa kufuata safari ya mhitimu. Katika mfano uliotolewa, timu ingehitaji mtunza kumbukumbu za taaluma, mhasibu, mtaalamu wa TEHAMA, ofisa uhusiano, mhadhiri anayeratibu mafunzo kwa vitendo na mwakilishi wa wahitimu wenyewe. Mwakilishi huyo si pambo. Yeye pekee ndiye aliyewahi kusimama upande wa pili wa dirisha.

Hatua ya tatu ni hadidu za rejea zilizosainiwa na uongozi wa juu wa chuo. Zioneshe kiongozi wa timu, mambo ambayo timu inaweza kuyaamua bila kurudi kwa wakuu wa idara, na tarehe ya kuwasilisha matokeo. Aidha, zitamke kuwa muda wa mjumbe katika timu ni sehemu ya kazi zake na utazingatiwa katika tathmini ya utendaji wake. Bila kifungu hicho, mhasibu atakuwa mgeni katika timu kila mwezi wa kufunga hesabu.

Hatua ya nne ni kufanya jaribio dogo kabla ya kubadili utaratibu mzima. Timu inaweza kuanza na wahitimu wa ndaki moja au wa miaka michache kwa muda wa siku 90, ikipima muda wa huduma, idadi ya taarifa zilizosahihishwa na idadi ya wahitimu waliorudi kwa hiari yao kutoa muda, ushauri au nafasi za kazi. Michango ya fedha ipimwe pia, lakini isiwe kipimo pekee, kwa kuwa mara nyingi ni matokeo ya mwisho ya imani iliyojengwa kwanza.

Sheria na imani ya mhitimu

Timu hizi hukusanya na kuunganisha taarifa za watu, hivyo mwanasheria wa chuo anapaswa kushirikishwa tangu siku ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inataka taarifa binafsi zikusanywe kwa lengo mahsusi na halali na zilindwe ipasavyo. Namba ya simu iliyotolewa na mwanafunzi wakati wa udahili haipaswi kugeuzwa kimya kimya kuwa namba ya kuombea michango. Mhitimu aelezwe matumizi yaliyokusudiwa na apewe nafasi ya kukubali au kukataa.

Busara hiyo itumike pia kwa wahitimu wanaorejesha mikopo ya elimu ya juu. Kijana aliyeanza kazi, ambaye sehemu ya mshahara wake inakatwa kurejeshwa kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, anaweza kuudhika akipokea ombi la mchango kutoka chuoni. Kijana huyo huyo anaweza kufurahi akiombwa saa moja ya kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Timu yenye mtu anayeyafahamu maisha ya wahitimu wapya itatambua tofauti hiyo.

Mipaka ya utaratibu huu

Timu mtambuka si tiba ya kila tatizo. Zikiwa nyingi, watumishi huchoka na kazi za msingi huzorota. Zikikosa mamlaka, hugeuka kamati nyingine ya kuandika taarifa. Zikidumu bila ukomo, huwa idara mpya yenye kuta zake. Inafaa timu ikimaliza jukumu lake ikabidhi utaratibu mpya kwa ofisi husika, ikiwa na mwongozo ulioandikwa, kisha ivunjwe.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ofisi ya uhusiano, hata ikiwa na maofisa hodari, haiwezi kuharakisha transkripti, kutoa namba ya malipo, kusafisha kumbukumbu na kupanga mafunzo kwa vitendo ikiwa peke yake. Vyuo vikuu vinavyotaka wahitimu wake wavirudie havina budi kujiuliza kwanza siku mhitimu anapopiga simu, nani anapokea, na je, anayepokea ana uwezo wa kulimaliza jambo lake? Pale jibu linapokuwa la uhakika, mwaliko wa kuchangia maendeleo ya chuo hautapokelewa tena kama ombi la mgeni, bali kama wito kutoka nyumbani.