Lubumbashi: Biskuti za imbwa kwa Noeli na Bonane, namna ya kuzipika bila kumudhuru

Kila mwisho wa mwaka, katika lupango nyingi za Lubumbashi, kutoka Kamalondo mpaka Katuba, Kenya na Ruashi, watu wanapika kuku, wali, samaki na keki. Watoto wanakula, wageni wanakula, kisha mabaki yote yanakusanywa katika sahani moja na kupelekwa kwa imbwa. Wengi wanaona kwamba hiyo ndiyo sikukuu yake. Lakini sahani hiyo inaweza kuwa na mifupa ya kuku, kitunguu, chumvi nyingi na pengine kipande cha chokoleti. Imbwa aliyelinda lupango mwaka muzima anaweza kuanza kutapika usiku wa Noeli, wakati ambapo kumpata munganga wa wanyama si rahisi.

Kuna njia nyingine isiyo ghali: kumupikia biskuti zake ndogo, kwa vitu vya sokoni, na kumuwekea mbali vile ambavyo mwili wake hauwezi.

Vitu vya sikukuu ambavyo imbwa hapaswi kula

Chokoleti. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa teobromini. Mwili wa mutu unakiondoa haraka, wa imbwa unakiondoa polepole sana. Kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi, ndivyo hatari inaongezeka. Tableti moja ya gramu 100 ya chokoleti nyeusi inatosha kumutia imbwa wa kilo 10 katika hatari kubwa: moyo unapiga mbio, anatetemeka, anaweza kuanguka kifafa.

Kitunguu na kitunguu saumu. Kiwe kibichi, kimepikwa, ao cha unga, kinaharibu chembe nyekundu za damu. Shida haionekani palepale. Inaweza kuonekana baada ya siku chache: imbwa anachoka, fizi zinakuwa nyeupe, mukojo unakuwa mweusi kidogo. Ndiyo sababu watu wengi hawaunganishi ugonjwa huo na mboga ya siku ya sikukuu. Kibe ya supu, ile ya magi, nayo ina chumvi nyingi na mara nyingi unga wa kitunguu.

Zabibu, mbichi ao kavu. Zinaweza kuharibu mafigo. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama, kwa hiyo keki yenye zabibu kavu isimufikie kabisa.

Ksilitoli. Ni sukari ya badala inayotiwa katika shingomu, bonboni na vitu vingine vinavyoandikwa kwamba havina sukari. Kwa imbwa inashusha sukari ya damu kwa haraka na inaweza kuharibu ini. Mutu anayenunua siagi ya kalanga ya kopo asome kwanza maandishi ya nyuma.

Unga mubichi uliotiwa levire, pombe, lutuku na munkoyo iliyochacha. Levire inaendelea kuvimba ndani ya tumbo lenye joto, na inatoa pombe humo humo.

Mifupa iliyopikwa, gunzi ya muhindi na kokwa ya embe. Mufupa wa kuku uliopikwa unavunjika kwa ncha kali. Gunzi na kokwa havisagiki tumboni. Vinaweza kuziba utumbo, na mara nyingi dawa pekee ni kupasuliwa. Hatari ya gunzi inaendelea kupita Bonane, mpaka miezi ya muhindi mubichi wa kuchoma.

Unga ndio wa kuangalia kwanza

Biskuti ya imbwa katika Katanga itatoka kwa unga wa muhindi, sawa vile bukari ya nyumba. Hapa kuko kosa moja la kawaida: muhindi ao kalanga iliyoota ukungu inaonekana mbaya kwa watu, basi inapewa imbwa. Ukungu huo unaweza kutoa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo inashambulia ini, na imbwa ni kati ya wanyama wanaodhurika nayo sana. Kupika hakuiondoi, kwa sababu inavumilia moto wa jikoni.

Mifano iko. Nchini Kenya, mwaka 2004, muhindi wenye aflatoksini uliwaua watu 125 kati ya 317 waliogonjwa, hasa katika sehemu za Makueni na Kitui. Marekani, mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, imbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha dukani kilichotengenezwa na muhindi wenye sumu hiyo hiyo. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: unga ambao mutu hawezi kula, imbwa naye asiule. Unga wenye harufu ya ukungu, wenye mabonge ao ladha chungu, utupwe mahali ambapo hata kuku hawafiki.

Namna ya kupika

Vitu vya kutafuta, kwa biskuti karibu 50 ndogo:

- kikombe 1 cha unga wa muhindi
- kikombe 1 cha unga wa ngano
- kikombe 1 cha boga ao kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa, bila chumvi wala sukari
- yai 1
- robo kikombe ya ndagala kavu wasiotiwa chumvi, waliosagwa
- kijiko 1 cha mafuta

Ndagala wakiwa na chumvi, waloweshwe katika maji usiku kucha, maji yamwangwe, kisha wakaushwe na kusagwa. Makayabu ina chumvi nyingi mno, isitumiwe.

Changanya unga zote mbili na ndagala. Tia boga, yai na mafuta, kanda mpaka ushikamane. Ukiwa mukavu, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Sukuma kwa chupa safi mpaka unene wa kidole kidogo, kata vipande vidogo kwa kisu. Anayetaka umbo la nyota kwa ajili ya Noeli anaweza kukata kwa kisu hicho hicho. Imbwa mwenyewe hajali.

Kwenye furu ya umeme, moto wa digrii 170 kwa dakika 30 mpaka 40 unatosha. Umeme ukikatika, mbabula inafanya kazi vilevile. Tia muchanga mukavu chini ya sufuria kubwa, weka juu yake sahani ya chuma yenye biskuti, funika, kisha tandaza makala machache yenye moto juu ya kifuniko. Makala ya chini yawe kidogo, la sivyo biskuti zitaungua chini na kubaki mbichi ndani. Geuza mara moja. Zinakuwa tayari zikiwa kavu na ngumu, zikivunjika kwa mulio.

Kwa sababu Noeli inaangukia wakati wa mvua, unyevu ni adui. Acha biskuti zipoe kabisa kabla ya kuzifunga katika kopo. Kula ndani ya wiki moja. Zikilegea, zirudishwe motoni. Zikiota hata doa moja la ukungu, zote zitupwe.

Asiye na nafasi ya kupika anaweza kutoa kipande cha embe lililoiva, kwani huo ndio musimu wake. Ganda na kokwa vitolewe kwanza. Karoti na kiazi kitamu cha kuchemsha navyo ni vizuri.

Kiasi gani kwa siku?

Biskuti si chakula cha siku. Waganga wa wanyama wanashauri vitamu visipite sehemu 1 kwa 10 ya chakula chote cha siku. Imbwa wa kilo 10 anahitaji takriban kalori 600 kwa siku, na biskuti moja ya hapa ina karibu kalori 24. Kwake 2 zinatosha. Imbwa mukubwa wa kulinda, wa kilo 25 ao zaidi, anaweza kupata 4. Kitoto cha imbwa kipewe nusu moja, kilichovunjwa vipande.

Kuna watu wanaouliza kwa nini kumupikia imbwa wakati chakula ni ghali. Jibu liko katika hesabu: kikombe cha unga na yai moja ni bei ndogo kuliko matibabu ya utumbo ulioziba. Tena, biskuti hizi hazina kitu kinachomudhuru mutoto akiokota moja na kuila.

Akisha kula kitu kibaya

Dalili za kuangalia ni kutapika mara kwa mara, kutetemeka, kuyumba, tumbo kuvimba, ao kujaribu kujisaidia bila kutoa kitu. Si vizuri kumunyweshea maziwa, mafuta ya ngazi ao maji ya chumvi ili atapike. Maji ya chumvi yenyewe yanaweza kumuua. Chunga paketi ya kitu alichokula, kumbuka saa na kiasi, kisha mutafute veterineri mara moja bila kungoja dalili zikomae. Lubumbashi ina bahati: Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kina kitivo cha uganga wa wanyama, na veterineri wanafundishwa hapa mujini. Afazali namba ya veterineri iandikwe ukutani kabla ya sikukuu.

Mwishoni, wageni wakiwa wengi, imbwa mutulivu naye anaweza kuuma. Watoto wasimupe biskuti wakati anakula ao amefungwa, na chanjo ya kichaa cha imbwa iangaliwe kama haijapitisha muda. Karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa watu vinatoka kwa kuumwa na imbwa, na dalili zikisha kuonekana kwa mutu, kupona ni nadra sana. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.