Daftari na Mizani: Wakulima wa Tarime na Serengeti Mbele ya Karani

Katika nchi ya Wakurya, Wangoreme, Wanata na Waikoma, yaani zile wilaya ambazo leo tunaziita Tarime na Serengeti, karani wa serikali mwenye daftari alitangulia kufika kabla ya mnunuzi wa mazao mwenye fedha, na utangulizi huo umeacha alama nyoyoni mwa watu. Kwa hiyo kila anayekusudia leo kuihuisha orodha ya taifa ya wakulima, wasindikaji na wafanyabiashara wa mazao, ili wenye mitaji wapate kujua pa kuitia mali yao, hana budi kuyajua yaliyopita kabla hajabisha hodi kwenye boma la mtu.

Mpaka uliokatwa na Waingereza na Wajerumani kwa mapatano ya mwaka 1886 na 1890, ukianzia ziwani kwenye digrii moja kusini ya ikweta na kunyooka kuelekea Kilimanjaro, uliwagawa Wakurya mafungu mawili bila ya kutakwa shauri lao. Wajerumani walipojenga boma lao Ikoma, mwanzoni mwa karne ya 20, wenyeji walikuwa bado wanauguza majeraha ya sotoka, maradhi yaliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuwasukuma jamaa wengi wa magharibi ya Serengeti kwenda Usukuma kutafuta chakula. Juu ya watu waliokwisha kudhoofika namna hiyo ikawekwa kodi ya nyumba, na baadaye, chini ya Waingereza, kodi ya nyumba na kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Mtu mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, aliandikwa nyumba tatu. Na mwenye ng'ombe wengi alifahamu ya kuwa hesabu ikishaandikwa, dai hufuata nyuma yake. Basi watu wakajifunza kutaja kidogo. Sioni kuwa ni halali kuliita jambo hilo uongo, maadamu mtu alikuwa akiihifadhi riziki ya watoto wake mbele ya daftari lisilokuwa na ukurasa hata mmoja wa kumrudishia kitu.

Tena yako mambo ambayo daftari lile lisingeweza kuyabeba hata kama watu wangeyasema yote. Ng'ombe wanaolala katika boma moja la Kikurya aghalabu si wa mtu mmoja: huyu mwenye boma amekabidhiwa na rafiki yake amtunzie na kufaidi maziwa, yule ni wa mahari ya dada ambayo bado haijatumika, na wengine wako kwenye boma la mbali kwa sababu mwenyewe hataki mali yake yote ipatikane mahali pamoja na wezi wa mifugo au maradhi. Fauka ya hayo, iko desturi ya nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume humwoa binti kwa mahari ya ng'ombe, na watoto watakaozaliwa wakawa warithi wa nyumba yake. Mama huyo ni mkuu wa kaya, ni mwenye shamba na ni mwenye mifugo, ilhali karani, aliyefundishwa kuuliza jina la mume, hakuwa na mahali pa kumwandika. Ukisoma takwimu za zamani za wilaya hizi usisahau kuwa mama kama huyo hayumo, au yumo kwa jina la mwanamume asiyemiliki chochote katika boma lile.

Daftari la kwanza lililopendwa lilikuwa la mizani. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa Tanganyika mwaka 1932, lakini ushirika ulipata nguvu Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950, Paul Bomani na wenzake walipowakusanya wakulima wa pamba waliochoka kupunjwa na wanunuzi, hata likaundwa mwaka 1955 shirikisho la vyama vya Victoria, ambalo lilihesabiwa miongoni mwa mashirikisho makubwa kabisa ya Waafrika barani. Tarime, kwa kuwa nyanda zake za juu ni za baridi na mvua, ilijaliwa kahawa ya arabika, na kahawa ina taratibu zake. Mkulima alifika chamani na kahawa ya maganda, iliyokwisha kumenywa kwa mashine ya mkono, kuvundikwa, kuoshwa na kuanikwa juu ya vichanja. Karani akaipitisha vidoleni, akazitenga punje mbovu, akatundika gunia kwenye mizani, akasoma kilo kwa sauti waliosimama kwenye foleni wakasikia, kisha akaziandika mara mbili: katika daftari la chama, na katika stakabadhi iliyobaki mkononi mwa mwenye mali. Malipo ya awali yalitolewa kwanza, na malipo ya pili yakaja baada ya kahawa kuuzwa mnadani Moshi. Na yeyote aliyedhani amedhulumiwa alikuwa na karatasi ya kumwonyesha mwenyekiti mbele ya mkutano. Hapo mkulima hakuficha kilo, kwa sababu kila kilo iliyoandikwa ilikuwa deni la chama kwake.

Amana hiyo haikudumu. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyakabidhi mazao kwa mashirika ya umma, na malipo ya mkulima yakaanza kuchelewa wakati uleule ambapo baridi kali iliyochoma mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilikuwa imeipandisha bei ya kahawa duniani kwa kiasi kisichopata kuonekana. Upande wa pili wa mpaka, mwendo wa miguu tu kutoka Sirari, palikuwa na wanunuzi waliolipa fedha taslimu kwa shilingi ya Kenya. Mpaka ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo, na kahawa ya Tarime ikawa inavuka usiku kwa njia za panya. Kwa hiyo mtu akiyategemea madaftari ya miaka ile huenda akadhani kuwa Wakurya walikuwa wameiacha mibuni yao iote magugu, hali ya kuwa kilichotoweka si kahawa bali maandishi yake. Hata baada ya vyama vikuu kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mpaka kufunguliwa Novemba 1983, magendo hayakukoma, wala hayatakoma maadamu stakabadhi ya upande huu inakawia kuliko noti ya upande ule. Leo chama kikuu cha ushirika cha WAMACU kinajitahidi kuirudisha kahawa kwenye mizani, na namtakia heri kila karani wake anayelipa kwa wakati.

Kwa upande wa kodi, mambo yamelegea. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa mrithi wa ile ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kisha, Desemba 2018, vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh20,000, na wachuuzi walivinunua kwa sababu kitambulisho kilimkinga mtu na usumbufu wa ushuru wa kila siku. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Mbeya tarehe 8 Agosti 2022 ikaongeza jambo jipya: mkulima alijiandikisha kijijini, akapewa namba, na kwa namba hiyo akanunua kwa wakala mfuko wa kilo 50 kwa bei iliyopunguzwa. Walakini hapa pana hadhari ya kuchukuliwa. Daftari la kodi lilimfundisha mkulima kulipunguza shamba lake, na daftari la ruzuku laweza kumfundisha kulirefusha. Shamba lilelile likawa na ekari mbili katika kitabu kimoja na ekari tano katika kingine, na mwekezaji anayevifungua vyote viwili hatajua amwamini nani.

Mintarafu ya Serengeti, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ardhi yenyewe imeandikwa upya mara kwa mara. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakafuata mwaka 1994, hata vijiji vya Nata, Issenye na Robanda vikajikuta vinalima kando ya wanyama, mahali ambapo usiku mmoja wa tembo humaliza mahindi ya msimu mzima. Lakini kando ya hifadhi hiyohiyo ziko kambi na hoteli za watalii zinazohitaji mboga, mayai, maziwa na nyama kila siku. Rai yangu ni kwamba orodha ya taifa ingeanzia hapo, si kwenye idadi ya hekta za kumvutia mtu wa mbali: msimamizi wa jiko la hoteli ajue ni kikundi gani cha akina mama kinachoweza kuleta nyanya kila Jumanne, kiasi gani, katika miezi gani, kwa gari la nani, na akina mama wale nao waone jina la hoteli, bei iliyolipa na siku iliyolipia.

Naam, orodha inayomwandika muuzaji bila kumwandika mnunuzi ni ileile ya mwaka 1922 iliyovikwa nguo ya kompyuta. Wenye mashine za kusaga Mugumu, wanaokamua alizeti, wanaonunua ngozi minadani na wanaokodisha plau na ng'ombe wa kulimia, wengi wao hawana jina la biashara lililosajiliwa, bali wana leseni ya halmashauri au hawana kabisa, na kila msimu wengine hufunga na wengine hufungua. Kuwaandika mara moja kwa gharama kubwa, kisha kuliacha daftari miaka mitano, ni kumpa mgeni habari za watu waliokwisha kuhama. Kazi hii ingekabidhiwa kwa makarani wa vyama vya msingi na watendaji wa vijiji, wahuishe kila mwaka wakati wa mavuno, mizani ikiwa imesimama na watu wamekusanyika. Kila aliyeandikwa apewe nakala ya yaliyoandikwa juu yake, na nakala ya kijiji ibandikwe kwenye ubao wa ofisi, ili jirani apate kusema kuwa mashine ya fulani imeharibika tangu masika, au kuwa shamba lililoandikwa kwa jina la marehemu sasa linalimwa na mjane wake.