Majina ya Simiyu katika Ramani za Karne ya 19: Kiswahili kama Lugha ya Kati

Ramani za kale za nchi iliyo kusini-mashariki mwa Ziwa Viktoria zimesomwa zaidi na wanajiografia kuliko wanaisimu. Makala haya yanadai kwamba ramani hizo ni matini za lugha, na kwamba sarufi ya Kiswahili imo ndani yake.

Mwezi Machi 1875, Henry Morton Stanley alipokuwa akilizunguka ziwa kwa mashua, aliandika jina la mto Simiyu kwa umbo la Shimeeyu. Herufi mbili za e ni tahajia ya sikio la Kiingereza, na toni, ambayo katika Kisukuma hutofautisha maana, haikuandikwa kabisa. Mto huohuo ndio ulioupa jina mkoa ulioundwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi.

Jina Usukuma lina historia nzito zaidi. Kisukuma hutumia kiambishi bu- kutaja nchi, ilhali Kiswahili hutumia u-, kama Buganda ilivyogeuka Uganda. Umbo lililoingia ramanini ni lile la wapagazi na wakalimani wa misafara iliyotoka Zanzibar na mrima. Aidha, sukuma ni neno la mwelekeo, yaani kaskazini, kinyume cha dakama, kusini. Neno lililotegemea mahali aliposimama msemaji likachapwa kama jina la kudumu la nchi na watu wake. Mwanahistoria anayeichukua ramani kuwa ushahidi wa kabila lenye mipaka ya kale huenda akachukua dira kuwa mpaka.

Upande wa mashariki, kuelekea pori la Maswa na Serengeti, jina Serengeti lenyewe lina asili ya Kimaasai. Hapo jina la wafugaji ndilo lililoshika. Pale ramani ilipoachwa tupu, utupu huo hauthibitishi kwamba pori halikuwa na majina. Unaonyesha tu kikomo cha njia za misafara na cha maswali yaliyoulizwa.

Kwa hiyo, anayekusanya majina ya mahali katika Bariadi, Itilima na Meatu anapaswa kurekodi kiambishi, toni, maana na mahali alipo msemaji. Bila hayo manne, tutaendelea kunakili masikio ya wapita njia.