Sarkoma ya Kaposi ya mapafu

Sarkoma ya Kaposi ya mapafu ni saratani ya seli za utando wa ndani wa mishipa ya damu na limfu, inayotambaa kwenye njia za hewa na kwenye utando unaofunika mapafu. Umbo lake la ngozi lilielezwa na Moritz Kaposi mjini Vienna mwaka 1872. Kisababishi chake, kirusi cha HHV-8 cha jamii ya herpesi, kilitambuliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore huko New York. Tumbaku, chanzo kikuu cha saratani nyingine za mapafu, si chanzo cha hii.

Kirusi hiki ni mwenyeji wa siku nyingi Afrika Mashariki. Huambukizwa hasa kwa mate, mara nyingi utotoni, na kabla ya UKIMWI saratani yake ilijulikana zaidi kwa vinundu vilivyokua polepole miguuni mwa wanaume wenye umri mkubwa. Mkoani Kagera mambo yaligeuka VVU vilipoidhoofisha kinga ya mwili. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983 kutoka Hospitali ya Ndolage, Muleba. Mitaani ugonjwa ukabatizwa Juliana, jina la nguo za fasheni zilizovushwa kutoka Uganda. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta VVU kwa asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba Mjini na asilimia 10 katika Bukoba Vijijini na Muleba. Saratani ya wazee ikawa ya vijana, wanawake kwa wanaume.

Siri ya HHV-8 ni kulala, na usingizi huo hulindwa na epijenetiki: alama zinazobandikwa kwenye DNA, au kwenye histoni ambazo DNA imezizunguka, zikafunga au kufungua jeni bila kubadili herufi zake. DNA ya kirusi hukaa ndani ya kiini cha seli ikiwa duara. Protini iitwayo LANA huifungamanisha na kromosomu za seli hiyo, ili seli inapogawanyika isiachwe nyuma. Vimeng'enya vya kundi la Polycomb huongeza alama iitwayo methili kwenye histoni H3, na jeni nyingi za kirusi hunyamaza. Kinga hukosa cha kushambulia. LANA huelekeza methili hata kwenye DNA ya mgonjwa mwenyewe na kuzima kipokezi cha TGF-beta, mojawapo ya breki za ukuaji wa seli. Katika mapafu ya mvutaji sigara, jeni ya p16, breki nyingine, mara nyingi huzimwa kwa methili vilevile.

RNA zisizotengeneza protini hufanya kazi kimyakimya zaidi. HHV-8 ina jeni 12 za mikro-RNA, vipande vya herufi zipatazo 22 tu. Mojawapo, miR-K12-11, inalingana na miR-155 ya binadamu katika herufi zinazochagua shabaha, hivyo hunyamazisha jeni zilezile kama mtu aliyechonga nakala ya ufunguo. RNA yake ndefu ni PAN, inayojaa kwenye kiini kirusi kinapoamka. Katika saratani za kawaida za mapafu RNA ndefu mashuhuri ni MALAT1, iliyohusishwa na kusambaa kwa uvimbe mwaka 2003.

Kikohozi, kubanwa pumzi na makohozi yenye damu hufanana mno na dalili za kifua kikuu, na huo ndio mtego wake mkubwa. Madoa ya zambarau kwenye ngozi au kaakaa humpa daktari fununu. Bomba lenye kamera huonyesha madoa kama hayo ndani ya njia za hewa, ingawa kukata kinyama hapo kunaweza kuleta damu nyingi.

Tiba ni dawa za kufubaza VVU, zilizoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, pamoja na dawa za saratani kama paklitakseli. Kinga ikiimarika, vinundu vinaweza kunywea, lakini HHV-8 hakiondoki mwilini. Asidi ya valproiki, dawa ya kifafa inayobadili alama za histoni, ilijaribiwa ili kukiamsha kirusi kionekane na kinga. Matokeo kwa wagonjwa yalikuwa hafifu.